Chotara wa flavissima na vrolikii: tathmini ya malaika kibete adimu, wauzaji wake na namna ya kumfikisha salama

Samaki anayetathminiwa hapa ni chotara wa Centropyge flavissima na Centropyge vrolikii, malaika kibete wa maji ya chumvi. Huingia sokoni kwa nadra, huuzwa kwa bei inayozidi ya wazazi wake mara kadhaa, na mara nyingi anayeuzwa kwa jina hilo huwa siye. Kwa mwenye haraka, jibu letu ni hili: chotara halisi anastahili kutafutwa, na akishavuka mwezi wa kwanza ni samaki imara. Fedha za wanunuzi huteketea sehemu mbili, kwenye jina lililoandikwa juu ya tangi la muuzaji na kwenye wiki nne za mwanzo nyumbani. Ndiyo maana sehemu kubwa ya tathmini hii ni kuhusu mambo hayo mawili.

Wazazi kwanza

Huwezi kumtambua chotara kama wazazi wake hawajakukaa kichwani. Flavissima, ambaye orodha nyingi za wauzaji humwita Lemonpeel, ni wa njano mwili mzima. Jicho lake limezungushiwa pete ya buluu, kifuniko cha mashavu kina ukingo wa buluu kwa nyuma, na mapezi ya mgongo, ya chini na ya mkia yamepigwa mstari mwembamba wa buluu pembezoni. Hufika sentimita 14. Mtoto wake ana doa jeusi lenye duara la buluu katikati ya ubavu, nalo hufifia anapokua.

Vrolikii ni wa kijivu cha lulu kuanzia kichwani hadi theluthi mbili za mwili, kisha mweusi hadi mkiani. Mapezi yake ya nyuma ni meusi yenye ukingo wa buluu. Tofauti na mwenzake, usoni ana rangi ya chungwa: kuzunguka jicho, kwenye ukingo wa kifuniko cha mashavu na kwenye shina la pezi la kifuani. Hufika sentimita 12 hivi.

Mahali wanapokutana, hasa pale spishi moja ni nyingi na nyingine ni chache, mmoja akikosa mwenzi wa aina yake huingia kwenye kundi la wenzake wa aina ya pili. Malaika hawa huishi dume mmoja na majike kadhaa, hutaga magharibi jua likizama, na mayai huelea yakachukuliwa na mkondo. Wote huzaliwa majike, na aliye mkubwa kundini hugeuka dume. Uchotara wao si uvumi wa wauzaji. Pyle na Randall walichapisha mapitio ya uchotara katika familia nzima ya malaika mwaka 1994, na mchanganyiko wa flavissima na vrolikii ni miongoni mwa inayojulikana zaidi.

Anavyoonekana aliye halisi

Tafuta mambo matatu, na uyakute yote kwa samaki mmoja. La kwanza ni rangi ya mwili iliyo katikati ya wazazi: njano iliyopauka au rangi ya krimu kwa mbele, isiyo kijivu kamili wala njano kamili. La pili ni weusi unaoingia polepole. Kwa vrolikii weusi huanza ghafla, unaweza kuonyesha kwa kidole ulipoanzia. Kwa chotara hakuna mpaka. Mtazame kwa karibu nusu ya nyuma ya ubavu: kila gamba lina kitovu cha njano na ukingo wa masizi, na ukingo huo hupanuka gamba baada ya gamba kuelekea mkiani hadi njano inamezwa. La tatu ni uso uliochanganya rangi, yaani buluu ya flavissima na chungwa ya vrolikii zikionekana pamoja kwenye jicho na kifuniko cha mashavu. Wengine huwa na pete ya buluu isiyokamilika, nusu imechorwa na nusu imepotea.

Machotara hawafanani. Mmoja huelemea upande wa njano akabaki na vumbi jeusi mgongoni tu, mwingine ni kama vrolikii aliyepakwa manjano. Kadiri anavyoelemea upande mmoja ndivyo ushahidi unavyopungua, na ndivyo bei inavyopaswa kushuka. Samaki ambaye uchotara wake unahitaji kuelezwa kwa maneno mengi tungemlipia bei ya mzazi anayefanana naye, basi.

Pande mbili za mwili nazo hutofautiana mara nyingine, kwa hiyo picha ya upande mmoja haitoshi. Ukiletewa picha iliyopigwa chini ya taa za buluu, usiipokee hata kidogo. Buluu kali hugeuza njano kuwa kijani na kuficha masizi yote. Omba picha na video chini ya mwanga mweupe, pande zote mbili, bila programu ya kukoleza rangi.

Wanaouzwa kwa jina lake

Anayewanasa wanunuzi wengi hata si malaika. Mtoto wa samaki kangaja aitwaye Acanthurus pyroferus huiga umbo na rangi za malaika kibete, na rangi anayoiga hutegemea malaika anayepatikana mahali alipo. Yuko anayefanana na flavissima, yuko anayefanana na vrolikii, yuko anayefanana na Centropyge heraldi. Akiwa na sentimita 5 hadi 8 ndani ya tangi lenye pilikapilika, hata muuzaji mwaminifu hupitiwa. Mtazame shavuni. Malaika wote wana mwiba mrefu unaotokea kwenye kona ya chini ya shavu ukielekea nyuma, na kangaja hana. Kisha tazama shina la mkia, ambapo kangaja ana wembe uliolala kila upande. Ukipata picha kali iliyotulia, hesabu miiba migumu ya pezi la mgongo: flavissima na vrolikii wana 14, kangaja huyu ana 8. Aliyenunuliwa kimakosa atazidi sentimita 20, atapoteza rangi zile za utotoni, na atahitaji tangi kubwa kuliko ulilopanga.

Wa pili ni heraldi mwenye weusi. Heraldi wa kawaida ni njano mtupu bila buluu yoyote, lakini wako wenye doa kubwa jeusi kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongo, ambao baadhi ya wataalamu huwatenga kwa jina la Centropyge woodheadi. Hawa hutoka maeneo kama Fiji na huuzwa wakati mwingine kama machotara. Weusi wao unakaa kwenye pezi na umekatwa vizuri, ilhali wa chotara umesambaa mwilini. Tena hawana buluu jichoni. Samaki asiye na buluu wala chungwa usoni huna sababu ya kuamini kwamba flavissima au vrolikii amehusika.

Wa tatu anaudhi zaidi, kwa kuwa ni flavissima mgonjwa. Jeraha la wavu, mkwaruzo au msongo wa safari huacha mabaka meusi juu ya njano. Mabaka ya namna hiyo hayana mpangilio, hayafuati kingo za magamba, na mara nyingi yako upande mmoja tu. Mpe wiki mbili au tatu ndani ya tangi la muuzaji. Masizi ya chotara yatabaki, mabaka ya jeraha yataanza kubadilika.

Mahali alipovuliwa ni nusu ya ushahidi

Kabla ya kubishana kuhusu rangi, uliza alikovuliwa. Vrolikii huenea kutoka mashariki ya Bahari ya Hindi na Indonesia hadi visiwa vya Marshall na Vanuatu, kaskazini hadi kusini mwa Japani. Flavissima ni wa visiwa vya Pasifiki, na huenda mashariki hadi Polinesia ya Ufaransa, ambako vrolikii hayupo. Kwa hiyo chotara anayesemwa ametoka Tahiti, visiwa vya Cook au Kiritimati ana hadithi isiyoshikika, kwani kule mzazi mmoja hakosekani na wa pili hapatikani. Visiwa vya Marshall na Vanuatu vinaingia akilini. Kisiwa cha Christmas cha Bahari ya Hindi nacho ni njia panda, maana spishi za bahari mbili hukutana pale na machotara ni wengi, lakini wa njano wa huko hana pete ya buluu jichoni na tangu mwaka 2016 ana jina lake, Centropyge cocosensis. Chotara wake kwa hiyo hana pete ya kurithi, na huwezi kumhukumu kwa kigezo cha pete.

Angalia pia kwamba nchi iliyoandikwa kwenye karatasi za mzigo huweza kuwa kituo cha kupitia tu. Swali sahihi kwa muuzaji ni: alivuliwa kisiwa gani, na aliingia kwako lini? Anayejua kazi yake hujibu bila kuzungukazunguka.

Wapo wauzaji wanaotaja kipimo cha vinasaba kama uthibitisho. Kwa jozi hii, kipimo cha kawaida cha vinasaba vya mitokondria hakithibitishi kitu. Kwanza, mitokondria hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo haiwezi kuonyesha wazazi wawili. Pili, utafiti uliochapishwa mwaka 2012 ulionyesha kwamba katika kundi la flavissima, vrolikii na eibli (Centropyge eibli, malaika kibete wa kijivu mwenye mistari ya chungwa), nasaba za mitokondria hufuata eneo la bahari, wala si rangi ya samaki. Flavissima na vrolikii wa eneo moja waweza kuwa na alama zilezile. Usilipe hata senti moja ya ziada kwa ajili ya cheti kama hicho. Macho, picha nzuri na asili inayoeleweka ndivyo vitu vya kutegemea.

Njia za kumpata, na tunavyozipima

Duka linaloshikilia samaki wake kwa wiki mbili au zaidi kabla ya kuuza ndilo chaguo letu la kwanza, hata bei ikizidi. Unachonunua pale ni muda: samaki amepumzika, anakula, na waliokuwa wa kufa wamekwisha kufa kwa hasara ya duka. Duka linalouza siku mzigo unapofika linakuhamishia hatari yote. Tunaliweka chini kabisa kwa samaki wa bei hii.

Kuagiza kupitia mwagizaji kuna faida moja kubwa, kwamba huona mizigo mingi na machotara hupita mikononi mwake kwanza. Mwachie maelezo yaliyoandikwa: ukubwa wa sentimita 6 hadi 9, alama unazozitaka, picha za pande mbili kabla ya kulipa, na sharti kwamba samaki abaki kwake angalau siku 10 akionekana anakula. Anayekataa sharti la mwisho mwache aende zake. Usiagize samaki wa sentimita 3 au 4. Rangi zake hazijatulia, na doa la utotoni la flavissima huweza kuchanganya kila mtu.

Njia ya tatu, ambayo watu huisahau, ni mfugaji anayevunja tangi lake. Samaki aliyekaa miaka miwili kwenye tangi la mtu anakula chakula cha kopo, rangi zake ni zile atakazobaki nazo, na historia yake ina mwenyewe wa kuieleza. Kosa lake ni moja: amezoea kuwa mwenye nyumba, na ukimweka na malaika mwingine atapigana.

Waliozalishwa kwenye matangi ni wachache mno katika jozi hii. Malaika kibete walianza kukuzwa kutoka yai hadi samaki kamili huko Hawaii mwanzoni mwa miaka ya 2000, baada ya kupatikana chakula kidogo cha kutosha kwa viluwiluwi vyao, yaani vitoto vya kopepodi, vijidudu vidogo vya majini. Ukimpata wa namna hiyo, kagua vifuniko vya mashavu. Wanaokuzwa tangini mara nyingine hutoka na kifuniko kifupi kinachoacha matamvua wazi, au paji lililobonyea.

Kumkagua dukani

Simama kando ya tangi dakika 5 bila kusogea. Malaika mwenye afya hujificha mara moja akikuona, kisha hutoka baada ya dakika chache na kuanza kudonoa miamba. Asiyejificha kabisa, aliyesimama wazi kama amezubaa, ni wa kutiliwa shaka kuliko mwoga.

Hesabu pumzi kwa sekunde 15 uzidishe kwa nne. Zikipita 100 kwa dakika bila kufukuzwa na mwenzake, kuna tatizo la matamvua. Huenda ni minyoo ya matamvua, huenda ni kimelea kiitwacho Amyloodinium, huenda ni maji mabaya. Tazama nyama ya juu nyuma ya kichwa. Ikiwa imebonyea, samaki amekuwa na njaa muda mrefu, na kumrudisha ni kazi ngumu hata akianza kula. Tumbo lililoingia kidogo peke yake halitutishi, maana husafirishwa bila chakula. Jicho lenye ukungu upande mmoja huwa ni kugongwa. Pande zote mbili huwa ni ugonjwa.

Anayeogelea huku mkia umeinuka na kichwa chini, au anayepambana asielee, ameumia kibofu cha hewa kwa kupandishwa haraka kutoka kina kirefu. Mwache.

Kisha omba alishwe mbele yako. Anayefuata chakula, akakiweka mdomoni na kukitema, bado hajala. Tunataka kuona anameza mara kadhaa. Hata hivyo kula si dhamana. Samaki waliovuliwa kwa sayanaidi, mbinu iliyoenea kwa miaka mingi Ufilipino na Indonesia, huweza kula vizuri na bado wakafa wiki chache baadaye kwa madhara ya ndani. Hilo ni jambo jingine linalofanya asili ya samaki na muda aliokaa dukani viwe na thamani kuliko punguzo lolote la bei.

Safari na kumwingiza majini

Asilishwe saa 24 hadi 48 kabla ya kufungwa, ili maji ya mfuko yasichafuke. Mfuko uwe wa tabaka mbili au tatu, theluthi moja maji na theluthi mbili oksijeni, ndani ya boksi la povu lenye giza. Mwiba wa shavu hutoboa mfuko na kunasa kwenye wavu, kwa hiyo mkamate kwa chombo kigumu cha plastiki.

Kosa linaloua samaki wengi waliosafiri zaidi ya saa 24 ni kumdondoshea maji kwa mrija kwa saa moja au mbili. Ndani ya mfuko kaboni dayoksidi hujaa na pH hushuka, na katika pH ya chini amonia nyingi huwa katika umbo la amoniamu, lisilo na sumu kali. Mfuko ukifunguliwa, kaboni dayoksidi hutoroka, pH hupanda, na amoniamu hugeuka amonia yenye sumu samaki akiwa bado humo. Dawa yake ni maandalizi. Muulize muuzaji kipimo cha chumvi cha maji yake, na uliweke tangi la karantini katika kipimo hichohicho kabla mzigo haujafika. Acha mfuko uliofungwa uelee dakika 20 ili joto lilingane, fungua, mtoe samaki, maji ya mfuko uyamwage. Zima taa hadi kesho yake.

Wauzaji wengi hushikilia chumvi ya chini, 1.019 kwa kipimo cha uzito mahususi au hapo karibu. Baada ya samaki kutulia, ipandishe kwa 0.001 hadi 0.002 kwa siku mpaka 1.025. Kushusha chumvi samaki huvumilia. Kuipandisha ghafla kunamuumiza.

Karantini ya wiki nne au zaidi

Lita 75 hadi 100 zinatosha kwa samaki mmoja. Weka chujio la sifongo lililokwisha kukaa wiki tatu au nne kwenye tangi lenye bakteria, hita, pampu ya hewa, kifuniko, na vipande vitatu au vinne vya bomba la PVC la kujifichia. Usitie miamba wala mchanga ikiwa utatumia shaba, kwa sababu hunyonya dawa na kipimo hakitatulia. Joto nyuzi 25 hadi 26. Amonia ipimwe kila siku kwa wiki ya kwanza.

Siku tatu au nne za mwanzo usitie dawa yoyote kama samaki haonyeshi dalili. Mwache ale kwanza. Malaika kibete huvumilia shaba kwa shida kuliko samaki wengi, na mara nyingi dalili ya kwanza ya kuzidiwa ni kuacha chakula. Ukitumia shaba dhidi ya vimelea vya Cryptocaryon na Amyloodinium, ipandishe taratibu kwa siku tano hadi saba. Lengo hutegemea aina: Copper Power hushikiliwa miligramu 2.0 hadi 2.5 kwa lita, Cupramine miligramu 0.5 kwa lita. Kuchanganya namba hizi mbili kumeua samaki wengi. Pima kwa kifaa cha kidijitali, kwani kadi za rangi hazina usahihi wa kutosha kwa samaki huyu. Akiacha kula, simamisha kipimo kilipo hadi arudie chakula, kisha endelea. Kipimo kamili kikifikiwa, kikae siku 30 bila kushuka. Usitie kemikali za kufunga amonia pamoja na Cupramine, maana huigeuza shaba kuwa sumu kali zaidi. Badilisha maji badala yake, ukitia shaba kwa kipimo kilekile kwenye maji mapya.

Minyoo ya ngozi na matamvua hutibiwa kwa prazikwanteli, miligramu 2.5 kwa lita, na dozi ya pili baada ya siku 7 kwa ajili ya walioanguliwa baadaye. Ongeza hewa, kwa sababu bakteria huongezeka ghafla na kula oksijeni. Tunashauri dawa hii iwe peke yake, kabla ya shaba au baada yake.

Chakula katika kipindi hiki kinahitaji uvumilivu. Anza na atemia hai au kome aliyefunguliwa akabaki kwenye gamba lake, kisha uduvi wa misisi uliogandishwa, kisha chakula kilichotengenezwa kwa malaika chenye sifongo wa baharini na spirulina. Kipande cha nori (mwani mkavu) cha sentimita 5 kwa 5 kifungwe kwenye jiwe safi chini ya tangi, kwani malaika hudonoa kinachofanana na mwamba kabla ya kugusa kinachoelea. Kidogo kidogo mara tatu kwa siku ni bora kuliko mlo mmoja mkubwa, na mabaki yanyonywe baada ya nusu saa.

Makao ya kudumu

Lita 250 ndicho kiwango cha chini tunachokikubali, na tangi liwe limeiva, miezi sita au zaidi, lenye utando wa mwani kwenye miamba hai. Upande wa flavissima ndani ya chotara ni mla mwani hasa, na tangi jipya lenye mawe meupe humkondesha hata ukimlisha. Maji ya kawaida ya miamba yanamtosha: nyuzi 24 hadi 27, chumvi 1.025, pH 8.1 hadi 8.4, amonia na nitriti sifuri, nitreti chini ya miligramu 20 kwa lita. Mapango mengi yenye milango miwili ni bora kuliko pango moja kubwa, kwa sababu hupenda kuingia huku na kutokea kule.

Mwingize wa mwisho. Malaika kibete mwingine, hata wa spishi tofauti, ni ugomvi isipokuwa tangi ni kubwa sana na wote wameingia siku moja.

Kuhusu matumbawe tunasema wazi: flavissima ana sifa mbaya ya kudonoa, na chotara humrithi. Matumbawe yenye nyama nene, zoanthidi na ukingo wa chaza wakubwa wa Tridacna wako hatarini. Matumbawe ya matawi yenye polipi ndogo mara nyingi husalimika. Mwenye bustani ya matumbawe ya nyama aliyoilea kwa miaka asimnunue samaki huyu.

Machotara wengine wanaofikiriwa

Chotara wa eibli na vrolikii hupatikana kwa urahisi zaidi, hasa kutoka Bali na Java. Ana kijivu cha wazazi wote wawili, lakini mistari ya chungwa ya eibli hukatikakatika ubavuni na weusi wa nyuma huwa mpana. Kwa uimara tunamweka juu ya huyu wa njano, na kwa mwenye tangi lake la kwanza la malaika ndiye tungemshauri. Alama zake lakini zinabishaniwa kirahisi, basi usimlipie sana.

Chotara wa Paracentropyge multifasciata na Paracentropyge venusta ni mrembo kuliko wote, michirizi ya mmoja ikiyeyuka ndani ya njano na buluu ya mwingine. Wazazi wote wawili ni wakaazi wa mapango na wagumu kula, naye huwa vivyo hivyo. Anahitaji tangi tulivu lenye mwanga hafifu, bila samaki wenye fujo, na chakula hai kwa wiki nyingi.

Kwa chotara yeyote aliyekwisha kaa kwenye tangi lenye matumbawe akaanza kudonoa polipi, jaribu kwanza kuongeza nori ya kila siku na mlo mmoja wa ziada mchana. Kudonoa kukiendelea baada ya wiki mbili, hamisha matumbawe yaliyolengwa, kwani kumkamata malaika ndani ya miamba kunataka kubomoa tangi zima. Ukilazimika kumkamata, tumia mtego wa plastiki angavu wenye nori ndani, uuache wazi siku tatu au nne hadi azoee kuingia na kutoka, ndipo ufunge mlango.